Mama Mkwe Akata Rufaa

Mume wangu alimfelisha mama yangu. Ndiyo, mume wangu wa ndoa, na mama aliyenizaa. Habari ilipofika saluni kwangu, mteja mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye beseni la kuoshea, povu likimtiririka shingoni, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na wenzake wakaitikia kama wako msibani. Niliwaambia watulie, siwezi kusuka vichwa vinavyotikisika. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekalia kuti kavu, maana pande zote mbili zilikuwa zangu.

Mama yangu ni matroni. Amelea mabinti wa bweni tangu mimi mwenyewe nina meno ya utoto, na siku hizi hata muuza mkaa wa mtaani kwetu, ambaye hajawahi kukanyaga shuleni kwake, humwita Matroni. Ni mwembamba, anatembea upesi, na funguo zake husikika kabla hujamwona. Mfukoni mwake hamkosi roli ya plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda. Vidonda vyenyewe ni vya kubahatisha. Plasta ile kazi yake kubwa ni kuandikia majina: ndoo, kandambili, mito, vikombe. Kwa mama, kitu kisicho na plasta hakina mwenyewe.

Jambo lake la pili ni ngazi. Bwenini kwake, binti aliyegombana na mwenzake haruhusiwi kukimbilia kwa matroni. Aanze na mwenzake, uso kwa uso. Wakishindwana, waende kwa kiranja wa chumba. Kiranja akishindwa, hapo ndipo mlango wa mama unagongwa, na ugongwe kweli, usisukumwe. Wakati fulani binti mmoja mwenye machozi ya karibu alikosa mafuta yake ya kujipaka, akapitiliza moja kwa moja mpaka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamrudisha kwa mama, mama akamrudisha kwa kiranja, kiranja akamrudisha kwa jirani yake wa kitanda, na mafuta yakaonekana chini ya godoro la huyohuyo mlalamikaji.

"Ngazi hairukwi," mama alimwambia. "Ukiiruka, unavunjika wewe, ngazi inabaki imesimama."

Mimi mwanawe sikurithi hata chembe ya hayo. Mimi ni mtu wa njia ya mkato, na mama analijua hilo, ndiyo maana hakunipa funguo zake hata siku moja.

Basi mama huyu, akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, alijiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya elimu, masomo ya jioni. Shule yake ilikuwa na nafasi ya mlezi mkuu, yule anayesimamia mabweni yote na kukaa meza moja na walimu kuamua mambo ya mabinti. Walikuwa tayari kumpa, na kiti walimwekea, ila kwa sharti kwamba amalize shahada mwaka uleule. Asipomaliza, kiti kinakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mama alisoma. Alisoma kwenye foleni, alisoma akisubiri maharage yaive, alisoma saluni kwangu chini ya kikausha nywele ambacho hata hakikuwashwa, kwa sababu alisema pale chini hakuna anayemsemesha.

Mume wangu naye anafundisha chuo hichohicho. Ni mpole kupita kiasi. Nimewahi kumsikia akiomba radhi kwa kiti alichokigonga. Kwa muda wote wa masomo ya mama hawakukutana darasani, na wote wawili walishukuru. Kisha, muhula wa mwisho kabisa, mhadhiri wa somo la malezi na nidhamu shuleni akaenda likizo ya uzazi, na darasa lake akapewa mume wangu.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilikuwa na wazazi wawili. Mama alidhani mkwe wake amekwisha kuiambia ofisi kwamba kuna ndugu darasani. Mkwe wake alidhani hakuna haja, kwa kuwa karatasi za mtihani huandikwa namba tupu, bila jina. Kila mmoja akakaa kimya kwa heshima ya mwenzake. Watu wenye adabu wakinyamaza pamoja, wanaweza kuharibu mambo kuliko wagomvi.

Maana kuna kitu hawakukifikiria. Kila Jumamosi mama hutuletea chakula kwenye makopo ya plastiki, na juu ya kila kifuniko huweka kipande cha plasta: *Mboga, msichelewe kula. Mchuzi, pasheni kwa moto mdogo. Hili la watoto, watu wazima msiguse.* Mwandiko wake ni wa duara, na mikia ya herufi zake inapinda kushoto kama inachungulia kitu. Mume wangu amesoma vifuniko hivyo tangu tulipooana. Mwandiko wa mama anaujua kuliko wangu.

Matokeo yalipotoka, mama alikuja saluni mchana, akakaa kwenye kiti cha kusukia bila kuomba asukwe. Akaniambia amefeli somo la malezi, tena kwa alama chache tu.

Nilivua glavu nikachukua simu.

"Unampigia nani?" akauliza.

"Mkweo! Nani mwingine? Leo hii atarekebisha."

"Atarekebisha nini? Umeiona karatasi?"

"Sijaiona."

"Na mimi sijaiona. Sasa weka simu chini. Nimefeli somo, sijafiwa."

"Lakini Mama, na ile nafasi yako?"

Hapo nikaona jinsi kidole chake kilivyokuwa kinazungusha roli ya plasta mfukoni. Aliogopa. Mama yangu haogopi kirahisi, na mimi nilipoliona hilo nilitamani kulia.

"Nafasi ipo mpaka isiwepo," akasema. "Nitaanza na aliyesahihisha. Na wewe nyumbani kwako usitie neno. Haya ni ya chuo."

"Nijifanye sijui?"

"Jifanye unasuka."

Kilichotokea ofisini kwa mume wangu nimeambiwa na wote wawili. Mama alinisimulia mara moja. Mume wangu amenisimulia mara nyingi mno, na hadithi zao zinalingana.

Mama aligonga mlango. Mume wangu alipomwona aliruka kumpisha kiti chake mwenyewe. "Mama! Karibu, karibu. Si ungenipigia tu, ningepita nyumbani."

"Nyumbani utapita Jumamosi. Hapa mimi ni mwanafunzi. Naomba nione karatasi yangu, Mwalimu, unieleze alama zangu."

Kumbe ni haki ya kila mwanafunzi kuomba hivyo, ila wengi hawajui, au wanajua wakaogopa. Mume wangu akaitoa karatasi na mwongozo wa kusahihishia, wakaanza swali la kwanza. Maelezo yakatoka vizuri. La pili, vizuri. Kwenye la tatu kulikuwa na alama iliyoandikwa, ikafutwa kwa mstari, ikaandikwa nyingine ndogo kuliko hiyo.

"Hii ya kwanza uliifuta kwa sababu gani, Mwalimu?"

Mume wangu anasema alitafuta sababu kwenye mwongozo mpaka macho yakamuuma. Haikuwemo. Mwisho akafunika uso kwa viganja.

"Niliujua mwandiko, Mama. Nilikuwa nimekupa alama zako. Halafu nikawaza, watu wakija kujua wewe ni mama mkwe wangu, watasema nimekupendelea. Nikarudi nyuma nikakupunguzia. Nikajiona mwadilifu."

Mama hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Na sasa unajionaje?"

"Mjinga. Nipe karatasi, nairudisha ile alama leo hii."

"Hapana, mwanangu," akasema, na hapo, kwa mara ya kwanza ndani ya ofisi ile, ulimi ulimteleza akamwita hivyo. "Ukiirudisha wewe, ndipo utakuwa umenipendelea kweli. Nakwenda ngazi ya pili."

Jumamosi ile makopo yalikuja bila plasta hata moja. Mume wangu alitia mtindi kwenye sufuria akaupasha kwa moto mkali akidhani ni mchuzi wa nazi, na jikoni likatoka jambo ambalo sitalieleza. Nikampigia mama kumuuliza plasta zimeisha au vipi.

"Zipo. Ila yule bado ni msahihishaji na mimi bado nina karatasi mezani. Asizidi kuuzoea mwandiko wangu."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa kwamba hatanii, na kwamba mambo haya yangeweza kwenda mbali. Mume wangu angeweza kuadhibiwa. Mama angeweza kushindwa na kiti chake kikaondoka. Nikaona huu ni wakati wa mtu wa njia ya mkato kufanya kazi yake. Nikawakutanisha wote wawili kwa chakula nyumbani kwetu Jumapili, nikapika vizuri, nikawatuma watoto kwa jirani, na sahani zilipojaa nikaanza.

"Jamani, sisi ni watu wa nyumba moja. Yule bwana wa ofisi ya mitihani ni rafiki yake huyu, walisoma pamoja. Alama moja inarudi mahali pake kimya kimya, hakuna aliyeibiwa, kwa sababu ni yake Mama kihalali. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

Mama akaweka kijiko chini.

"Mwanaharamu wa hapa ni nani?"

Mume wangu aliangalia wali wake.

"Darasani kwetu kuna binti anakaa safu ya nyuma," mama akaendelea. "Anafanya kazi dukani mchana, jioni anasinzia, lakini anakuja. Yule hana mkwe. Siku akipunguziwa alama, yeye atafunika kombe lipi? Mimi nikipita mlango wa nyuma leo, nitamwambia nini binti wa bwenini anayekuja kunigongea kesho?"

"Lakini nafasi yako, Mama..."

"Nafasi yenyewe ni ya kuwafundisha mabinti haki. Nikiipata kwa kona, nitaikalia vipi?" Halafu akamgeukia mume wangu, na sauti ikawa nyingine kabisa. "Ongeza mchuzi, mwanangu, umekonda."

Basi. Hakuna aliyeligusa tena jambo lile mezani. Tulikula, tukazungumza habari za meno ya mtoto wangu mdogo, na mama akaniambia wali umekolea. Nilikasirika, na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

Mkuu wa idara, mzee mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine utosini, naye alijaribu kumrudisha nyumbani. "Haya mambo ya kifamilia, Mama, si mngeyamaliza sebuleni?"

"Sebuleni hakuna mtihani uliofanyika," mama akajibu.

Mzee akacheka, akashusha miwani ya utosini, akamweleza sawasawa. Kwa kuwa aliyesahihisha amekiri lakini hawezi kubadilisha mwenyewe, mwanafunzi anaandika rufaa kwa bodi ya kitivo kabla muda wake haujapita. Anataja swali analolilalamikia na sababu yake, basi. Anaweza kuja na mwakilishi wa wanafunzi asiwe peke yake. Karatasi nzima itapelekwa kwa msahihishaji mwingine asiyemjua. Na atakachotoa huyo ndicho cha mwisho, alama zipande, zibaki, au zishuke.

"Zinaweza kushuka?"

"Zinaweza."

Mama alikubali hivyohivyo.

Hapa nimtaje mwakilishi wa wanafunzi, binti mfupi wanayemwita Spika kwa jinsi sauti yake inavyojaza ukumbi. Mama alimpelekea rufaa aliyoiandika, kurasa tatu zenye moto. Spika akazisoma kwenye benchi la saluni kwangu, kalamu mkononi, akikata mistari bila huruma.

"Mama, hapa umeandika, 'Nimeumia sana moyoni.'"

"Ndiyo, nimeumia."

"Pole sana. Ila bodi haisahihishi maumivu. Hapa umeandika umelea mabinti kwa miaka mingi. Mtihani haukuuliza. Na hapa umemwita Mwalimu 'kijana mwema mwenye woga.' Toa kijana, toa mwema, toa woga. Baki na swali la tatu."

Nilisubiri mama amwangushie funguo kichwani. Badala yake akavuta kiti karibu. "Kumbe," akasema, "ndivyo ninavyowaambiaga wale wangu. Kata, mwanangu, kata." Mwishoni kurasa tatu zikawa nusu ukurasa, na mama akaisoma kwa sauti zaidi ya mara moja, ameridhika kama mtu aliyefagia uwanja.

Jambo ambalo hakuna aliyelitegemea lilitoka kwa mume wangu. Kabla rufaa haijafika bodini, yeye mwenyewe aliandika kwa mkuu wa kitivo kueleza kwamba mwanafunzi yule ni mama mkwe wake, kwamba alipaswa kusema mapema, na kwamba alipunguza alama kwa hofu. Hakuniambia mpaka alipokwisha kupeleka. Niliuliza, "Huogopi?" Akasema, "Naogopa sana. Ila nikiendelea kuwaogopa watu, nitamfelisha na mwingine." Mume wangu, mwombaji radhi wa viti! Nilimkumbatia hapo hapo mlangoni, mifuko ya sokoni ikiwa bado mikononi.

Siku ya kikao walikwenda pamoja, kwa kuwa walitoka mtaa mmoja na mama haoni sababu ya watu kutembea mbali mbali. Wakakaa benchi moja nje ya chumba. Karani alipotoka kuuliza mlalamikaji ni yupi na mlalamikiwa ni yupi, aliwakuta wanapokezana chupa moja ya maji, mfuko wa mama ukiwa kwenye mapaja ya mkwewe. Karani akarudi ndani kuhakikisha kama ni kesi yenyewe.

Ndani, mume wangu alisema yake bila kujitetea. Mama naye, baada ya kueleza swali la tatu na kuishia hapo kama Spika alivyomfundisha, aliomba aongeze neno moja. "Na mimi nilinyamaza. Nilijua ni mkwe wangu, ningeweza kuiambia ofisi. Kama kuna karipio, nusu ni langu."

Karipio lilikuja, lakini kwa mume wangu tu, kwa maandishi, pamoja na amri kwamba yeyote mwenye ndugu darasani aseme siku ya kwanza. Alilichukua kwa mikono miwili. Alilala vizuri kuliko alivyokuwa amelala kwa majuma yote yale. Mimi ndiye ninayelala naye, najua.

Kisha tukasubiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Shule ilimpigia mama kuuliza, mama akawajibu kwamba jambo liko ngazi ya juu na ngazi hairukwi. Wateja wangu waliuliza kila siku, nami nikabana midomo, kwa sababu kuwaambia wale ni kumwaga mtama penye kuku wengi.

Majibu yalipotoka mama alikuja tena saluni na kukaa kwenye kiti kilekile. Msahihishaji mpya alikuwa amempandisha swali la tatu, zaidi hata ya ile alama iliyofutwa. Lakini swali la kwanza alikuwa amemshusha, akaandika pembeni kwamba mtahiniwa amesimulia hadithi badala ya kujibu.

"Jumla?" nikapiga kelele. "Mama, jumla!"

"Nimefaulu. Kwa kushika ukingo, lakini nimefaulu."

Saluni nzima ikapiga vigelegele. Yule wa beseni akasimama na povu lake. Mama akainua kiganja kama anavyonyamazisha bweni.

"Na la kwanza kaninyima kwa haki," akasema. "Nilipiga porojo kweli." Ndipo akaanza kulia, kidogo tu, akajifuta kwa taulo langu la wateja, akaniomba nimsuke kwa ajili ya mahafali, na nisimbane sana pembeni. Kiti cha mlezi mkuu kilikuwa chake.

Jumamosi iliyofuata mtoto wa jirani alituletea makopo. Mume wangu alikuwa mezani, na mimi nilikuwa jikoni, nikasikia kiti chake kikiburuzwa ghafla. Nikatoka. Alikuwa ameshika kopo, na juu ya kifuniko kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe, chenye herufi za duara na mikia inayopinda kushoto.

*Maharage ya mwanangu. Asiyeridhika na chumvi aanze kwangu.*

Alikula kijiko kimoja. Akala cha pili, taratibu, kama anasahihisha. Chumvi ilikuwa pungufu, hata mimi nilionja. Mume wangu akafunika kopo, akavaa viatu, akavuka mtaa, na kutoka dirishani nilimwona amesimama mbele ya mlango wa mama, anagonga.